Kitunguu chako kinagoma kusinyaa? Mwongozo kamili wa kuona nguvu zinavyosukuma vitu ndani ya seli

Wadau, tangu muhula uanze napokea picha zilezile. Slaidi ya kitunguu, weupe mtupu, mistari kama ya daftari, chini yake ujumbe: "Kaka nimeweka chumvi nusu saa nzima hakuna kinachotokea." Au mwingine seli zake zote zina rangi ya chai ya rangi halafu ananiuliza mbona vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli, haisinyai. Nimejibu mmoja mmoja mpaka bando limekata, kwa hiyo leo naandika yote hapa, ukikwama rudi usome tena kabla hujanipigia.

Tunachotaka ni kuona kwa macho yetu nguvu ikibadilika, vitu vya ndani ya seli vikahama. Tutachezea nguvu mbili: presha ya maji kwenye kitunguu, na mvutano wa dunia kwenye mzizi wa ulezi. Katikati hapo kuna ya tatu utaiona bila kuitafuta. Sharti ni moja tu, seli iwe hai mpaka dakika ile utakayoamua wewe ife. Picha nyingi mnazonitumia ni za maiti, ndiyo maana hazisogei.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Maikroskopu inayokuza mara 100 na mara 400. Ile ya shule inatosha kabisa, hata kama lenzi moja ina mkwaruzo.
- Slaidi na vifuniko vyake vya kioo, angalau vinne vinne maana kuvunja utavunja.
- Kitunguu maji chekundu, kibichi, kigumu ukikiminya. Hapa Dodoma vitunguu vya Singida vimejaa Majengo na Sabasaba, chagua chenye rangi iliyokolea. Cheupe usichukue.
- Wembe mpya, kibanio kidogo, tishu, na sirinji ya mil 5 isiyo na sindano.
- Chumvi ya kawaida ya mezani.
- Maji ya betri, yale yaliyosafishwa.
- Ayodini. Ya maabara ni bora, ila hata ile ya vidonda ya famasi inafanya kazi ukiipunguza kwa maji.
- Ulezi, ngumi moja tu, ule ambao haujakobolewa wala kukaangwa.
- Simu yenye kamera.

Onyo la kwanza, na hili sitanii. Maduka ya spea yanauza maji ya betri na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana kama mapacha. Soma lebo mara mbili, muulize na muuzaji. Asidi itakutoboa suruali kabla haijafika kwenye slaidi, na ikiingia jichoni ni habari nyingine kabisa.

Onyo la pili. Kama maikroskopu yako inatumia kioo cha kuakisi mwanga, usikielekeze kwenye jua. Jua la Dodoma la saa saba mchana likipita kwenye zile lenzi linaunguza jicho. Elekeza kwenye ukuta mweupe au anga la upande ambao jua halipo.

Kwa nini nasema maji ya betri na sio ya kisima? Sio kwamba yanasinyaza seli, hapana, chumvi yake ni kidogo mno kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba maji mengi ya huku ni magumu, si unaona birika linavyoota ukoko mweupe. Slaidi ikianza kukauka yanaacha fuwele, na fuwele zina tabia ya kufanana na kitu cha maana. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya darasa zima nikawaonyesha "chembe za wanga ndani ya seli", wakachora, wakaandika majina, kumbe ni chokaa ya kisima. Niligundua jioni nikiwa naosha slaidi, kesho yake ikabidi niwaombe wafute.

## Hatua ya 1: Tengeneza maji yako

Pima mil 100 za maji ya betri kwa sirinji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa juu kwa kisu, koroga mpaka iishe. Hapo una chumvi ya kama asilimia 5. Chota mil 20 za hiyo uongeze mil 80 za maji safi, unapata asilimia 1. Ya tatu ni maji safi yenyewe. Andika kwenye kila chupa, usijiambie utakumbuka, kwa macho zote ni sawa.

Kwa nini asilimia 5? Hapa kuna hesabu ndogo. Seli nyingi za mimea zilizoshiba maji zina presha ya ndani kati ya megapaskali (kipimo cha presha) 0.3 na 1. Tairi la gari dogo ukijaza psi 30 ni megapaskali 0.2 hivi, kwa hiyo kila seli ya mchicha ulioshiba imejazwa kuliko tairi, na ndiyo hiyo presha wale mama wa sokoni wanaipigania mchana kutwa wakinyunyizia mafungu yao maji. Sasa chumvi ya asilimia 1 inavuta maji kwa nguvu ya karibu megapaskali 0.8, yaani inakaribiana tu na kitunguu, baadhi ya seli zitatingishika na nyingine zitakuangalia tu. Ya asilimia 5 inakaribia 4. Hapo kitunguu hakina ubishi.

Usizidishe ukafika 10 au 15 ukidhani unaharakisha. Utaharakisha kweli, ila unaua.

## Hatua ya 2: Toa ngozi ya mgongo, sio ya tumbo

Hapa ndipo wengi mnapopotelea kwa hiyo nenda taratibu.

Kata kitunguu vipande vinne, ondoa yale maganda makavu, chukua tabaka la pili au la tatu lililo nono. Lina pande mbili: upande uliobonyea ndani, nauita tumbo, na upande uliobinuka nje, mgongo. Ngozi ya tumbo inatoka kirahisi kama karatasi ya pipi, na ndiyo mnayoipenda kwa sababu hiyo, lakini haina rangi. Ile rangi ya zambarau iko kwenye vakuoli za seli za mgongo. Ukitumia ya tumbo kusinyaa kunatokea vilevile, ila unatazama maji yakihama ndani ya maji, utaona nini?

Kwa mgongo fanya hivi. Chora kwa wembe kamraba kadogo, milimita 5 kwa 5, juujuu tu usizame. Shika kona moja kwa kibanio ukiwa umekilaza karibu sawa na uso wa kitunguu, vuta polepole. Kikitoka na nyama nyeupe chini yake tupa, rudia. Mimi mpaka leo nikipata kizuri kwa mara ya tatu najihesabu nina bahati. Unataka kipande ambacho ukikiweka juu ya gazeti unasoma herufi bila taabu.

Kikitoka kitumbukize kwenye maji safi palepale. Upepo wa huku hauna huruma, hasa Julai mpaka Septemba, sekunde thelathini hewani kingo zimeshakauka na seli za pembeni zimekufa.

Usiweke ayodini hapa. Najua kitabu cha form one kinasema weka ayodini ili uone kiini. Ayodini inaua seli, na seli iliyokufa utando wake, ile ngozi laini iliyo ndani ya ukuta wa seli, umetoboka, chumvi inaingia na kutoka kama mbuzi kwenye zizi bovu, hakuna tena cha kuvutana nayo. Wale wa rangi ya chai, tatizo lenu ndilo hili.

## Hatua ya 3: Iangalie ikiwa imeshiba kwanza

Tone moja la maji safi katikati ya slaidi, kipande juu yake kikiwa kimenyooka, shusha kifuniko kwa pembe kama unafunga kitabu ili hewa itoke. Viputo vya hewa vina ukingo mweusi mnene, duara kamili, usije ukanitumia picha ya kiputo ukasema ni kiini.

Anza mara 100. Ukifanikiwa unaona matofali marefu ya zambarau yamepangana, rangi imejaa kutoka ukuta mpaka ukuta, hakuna pengo. Kila tofali lina urefu wa kama robo milimita. Zipo nyeupe kadhaa kati yao, hizo nyingi zilipasuliwa na kibanio, ziache.

Sasa ile nguvu ya tatu, ya bure, niliyokuahidi. Chukua na kipande cha tumbo ukipige slaidi yake pembeni, hapa ndipo kinapofaa. Mara 400, funga ule mlango wa mwanga ulio chini ya slaidi mpaka picha iwe na giza kidogo, halafu tulia. Usiguse kitu, hesabu mpaka sitini. Utaona vichembe vidogo sana vinatembea, kimoja kinakuja, kinasimama kama kimesahau kitu, kinaendelea, kingine kinapishana nacho kikienda kinyume. Vinafuata njia nyembamba, na njia zenyewe zinakatiza seli kama vichochoro. Havielei ovyo. Vinaburutwa na protini zinaitwa mayosini ambazo zinakanyaga nyuzi za aktini, na nishati yake zinailipia kwa ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kila mara nikimwonyesha mtu hii kwa mara ya kwanza anainua kichwa anaangalia slaidi kwa macho, kana kwamba kuna mdudu.

Ukiiona, una uhakika kitunguu chako kiko hai. Usipoiona kwenye vipande vitatu mfululizo badilisha kitunguu.

## Hatua ya 4: Vuta chumvi ipite chini ya kifuniko

Rudi kwenye slaidi ya zambarau. Chagua seli moja, moja tu, yenye alama ya kuitambua, mfano iliyo jirani na seli nyeupe. Piga picha.

Usifunue kifuniko. Ukifunua, seli yako imekwenda, na kila unachosema baada ya hapo unalinganisha Juma na Hamisi. Weka tone la chumvi ya asilimia 5 liguse ukingo mmoja wa kifuniko, upande wa pili gusisha kona ya tishu. Tishu inanyonya, chumvi inavutwa kupita juu ya kitunguu. Rudia mara tatu ili maji ya zamani yaishe kweli, wanaofanya mara moja ndio wanaosema "imegoma".

Anza kuhesabu muda, picha kila nusu dakika.

Mwanzoni kama hakuna kitu. Halafu angalia kona, daima angalia kona za tofali kwanza. Rangi inajitoa kwenye kona kama mtu anavyovuta miguu ndani ya shuka. Kapengo keupe kanatokea, kanakua, kanashika ubavu mzima. Ndani ya dakika mbili mpaka tano zambarau imekuwa ndogo na imekolea, sio kwamba rangi imeongezeka, ni ileile kwenye maji machache. Umbo linaanza likiwa na mabonde mabonde maana utando bado umeng'ang'ania ukuta sehemu sehemu, ukisubiri dakika kumi na kuendelea linajiviringa linakuwa la mviringo, na kwenye seli ndefu unaweza kukuta mipira miwili.

Kilichotokea ni kwamba ile presha iliyokuwa inaubana utando kwenye ukuta imekwisha. Maji yamefuata chumvi, vakuoli imepungua, na kila kilichokuwa kimebanwa kati ya vakuoli na ukuta kimevutwa pamoja nayo. Kitafute kiini: mwanzo kilikuwa kimepigwa pembeni kama abiria wa daladala aliyekosa siti, sasa utakikuta kimekuja na ule mpira, ni kivimbe cheupecheupe kwenye ukingo wa zambarau. Ukuta wenyewe umebaki palepale au umelegea kidogo tu.

Swali ambalo wanafunzi hulikosea sana: lile pengo kati ya ukuta na utando limejaa nini? Sio hewa. Ni maji ya chumvi, kwa sababu ukuta wa seli unapitisha chumvi bila kizuizi, anayezuia ni utando.

Ukiwa na lenzi safi jaribu mara 400 na mwanga mdogo uangalie hilo pengo. Kuna nyuzi nyembamba mno zinaunganisha mpira na ukuta, ni utando wenyewe umevutika pale ulipogoma kuachia. Zinaitwa nyuzi za Hecht, kwa jina la aliyezieleza mwaka 1912. Usipoziona usihuzunike, na lenzi zetu zilizojaa vumbi mimi nimeziona mara chache.

Halafu chukua kipande kipya ujaribu asilimia 1. Zipo seli zitakazojitoa kona tu, jirani zake zimekaa kimya. Hapo ndipo umegusa kiwango ambacho nje na ndani wanakaribia kulingana, na tofauti kati ya seli na seli inaonekana. Kwangu hii inafundisha kuliko ile ya 5.

## Hatua ya 5: Rudisha maji, kwa adabu

Mchezo uleule wa tishu lakini sasa kwanza pitisha asilimia 1, subiri dakika tano, ndipo maji safi.

Haraka ya nini? Utando wa seli hauvutiki kama mpira wa tairi, eneo lake likiongezeka asilimia chache tu unapasuka. Seli ilipokuwa inasinyaa sehemu ya utando ilikunjwa ikaingizwa ndani, ili kutanuka tena lazima irudishwe, na hilo linahitaji muda. Ukimwaga maji safi ghafla yanaingia kwa kasi kuliko utando unavyorudi, unasikia tu moyoni "pwaa", rangi inasambaa seli nzima halafu inapotea. Wakati mwingine mfuko wa vakuoli unapona peke yake, unabaki mpira wa zambarau unaelea bila mwenyewe.

Ukifanikiwa rangi inarudi ukuta mpaka ukuta na inapauka kama mwanzo. Seli iliyorudi ndiyo ushahidi kwamba hukuwa umeiua, umeipunguzia presha tu. Ndiyo maana msiishie hatua ya 4 jamani.

## Hatua ya 6: Fanya na maiti kwa makusudi

Fupi hii. Kipande kingine cha mgongo kitie kwenye maji ya moto dakika mbili, kipige slaidi, pitisha chumvi ya 5. Rangi imevuja na hakuna mpira unaojitoa. Bila slaidi hii mtu anaweza kukwambia chumvi imekausha tu kitunguu kama inavyokausha samaki, na hutakuwa na jibu.

## Hatua ya 7: Mvutano wa dunia kwenye mzizi wa ulezi

Kwa nini ulezi na sio maharage? Mzizi wa maharage ni mnene, mwanga haupiti, inabidi ukate vipande vyembamba na hapo utalia. Mzizi wa ulezi ni kama uzi, unaulaza mzima. Uwele nao unaweza kufaa ukiuwahi ukiwa mchanga.

Loweka usiku mmoja. Bandika mbegu kwenye tishu mbichi ndani ya kasha bapa la plastiki, lile la CD linafaa sana, lisimamishe wima gizani siku mbili tatu, tishu isikauke. Ukiona mizizi imeshuka na kufikia urefu wa kama kucha, tayari. Tengeneza makasha mawili.

La kwanza liache wima. La pili ligeuze robo mzunguko, mizizi ilale mlalo, dakika ishirini.

Sasa sikiliza. Kwenye ncha ya mzizi kuna seli zenye chembe za wanga, na wanga una msongamano wa kama gramu 1.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo wakati saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, imezidi maji kidogo tu, kwa hiyo chembe zinazama chini ndani ya seli. Ukigeuza mzizi zinahamia ubavu wa chini, dakika chache tu. Maana yake ukikata mzizi ukaulaza kwenye slaidi seli zikiwa bado hai, chembe zitahama tena wakati unatafuta miwani, na utaona vurugu.

Hapa sasa ayodini ndiyo rafiki. Dondoshea ayodini kwenye ncha kasha likiwa bado kwenye mkao wake, dakika tano. Inaua, inagandisha kila kitu kilipo, na inapaka wanga rangi nyeusi ya bluu. Kisha kata milimita 3 za mwisho. Ule wa mlalo mkato wake ufanye wa mshazari, upande mrefu uwe ndio uliokuwa chini, vinginevyo ukifika kwenye slaidi hutajua chini ni wapi. Tone la maji, kifuniko, na usibonyeze.

Ukifanikiwa, mzizi wa wima una seli zilizopangana kwenye ncha, kila moja ina chembe nyeusi zimerundikana sakafuni, upande wa nchani. Wa mlalo zimelala ubavuni, upande wa ule mkato mrefu. Ukiacha mizizi mingine mlalo masaa kadhaa bila ayodini utakuta imeshapinda kuelekea chini: homoni ya oksini inajaa upande wa chini, kwenye mzizi inapunguza urefukaji, upande wa juu unarefuka zaidi, mzizi unainama.

Ncha ikiwa nyeusi yote huoni kitu, ayodini ilikuwa kali, ipunguze mara tano urudie.

## Mkikwama

Slaidi inakauka kabla hujamaliza: weka tone la maji ukingoni kila dakika tano na fanya asubuhi kabla upepo haujaamka. Fuwele za miraba pembeni ni chumvi yako imekauka, anza upya.

Zambarau imegeuka bluu au kijani: kuna sabuni au magadi soda imebaki kwenye slaidi, rangi ya kitunguu inabadilika ikikutana na vitu vya hivyo. Suuza vizuri.

Picha za simu zina ukungu: gusa skrini kwenye seli yako uishikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu funika lenzi ya maikroskopu na simu kwa kiganja mwanga wa pembeni usiingie.

Na ukinitumia picha, andika chini yake vitu vitatu: upande gani wa kitunguu, maji gani, dakika ya ngapi. Ikiwa ni ya tumbo na ina ayodini, nakurudisha hatua ya 2 bila salamu.